Belley na Madeleine: Watu Weusi Wawili Katika Picha za Ufaransa

Ndugu msomaji, ukisikia habari za sanaa ya Ulaya ya mwisho wa karne ya 18, huenda ukadhani ni mambo ya makabaila na majumba yao, yasiyomhusu mfanyakazi wa mjini. Lakini zipo picha mbili za enzi hizo zinazotuhusu sana, kwani waliochorwa ni watu weusi waliotoka katika makoloni ya utumwa.

Enzi hiyo wasanii wengi wa Ulaya walikuwa wameyachoka madoido ya majumba ya wafalme. Mji wa Pompeii, uliofunikwa na majivu ya volkano mwaka 79, ulianza kufukuliwa mwaka 1748, na vitu vilivyoonekana humo viliwastaajabisha watu. Wachoraji, wachongaji na wajenzi wakawaiga Wagiriki na Warumi wa kale: nguzo ndefu, mistari iliyonyooka, sanamu za marumaru, nyuso tulivu. Mtindo huo ndio uklasiki mamboleo. Bingwa wake katika uchoraji alikuwa Mfaransa Jacques-Louis David. Mapinduzi ya Ufaransa yalipozuka mwaka 1789, mtindo huo ukatumiwa kutangaza uhuru na usawa.

Je, uhuru huo ulikuwa wa nani? Mwaka 1797 mwanafunzi wa David, Anne-Louis Girodet, alimchora Jean-Baptiste Belley. Bwana huyu alikuwa mtumwa katika koloni la Saint-Domingue, ambalo leo ni Haiti. Akajikomboa, akawa askari. Mwaka 1793 alichaguliwa kuwa mbunge, na tarehe 4 Februari 1794 alikuwamo katika Bunge la Paris lilipofuta utumwa katika makoloni ya Ufaransa. Pichani amevaa sare ya mbunge, yenye mshipi wa rangi za bendera ya Ufaransa, naye ameegemea sanamu ya marumaru ya kichwa cha Raynal, mwandishi aliyeupinga utumwa.

Mwaka 1800 mwanafunzi mwingine wa David, Marie-Guillemine Benoist, alionyesha picha ya mwanamke mweusi. Ameketi kitini kwa utulivu, amejifunga kilemba cheupe, akimtazama mtazamaji usoni. Nguo yake nyeupe, utepe mwekundu na shali ya buluu ni rangi zile zile za bendera. Lakini ziwa lake moja limeachwa wazi. Wapo wanaoona hapo heshima ya miungu wa kike wa Kigiriki; wapo wanaoona mtu aliyewekwa mnadani. Wala jina lake halikuandikwa: picha iliitwa kwa rangi ya ngozi yake tu.

Matumaini hayo hayakudumu. Mwaka 1802 Napoleon aliurudisha utumwa. Belley alikamatwa, akafa mwaka 1805 akiwa kizuizini katika kisiwa cha Belle-Île. Utumwa katika makoloni ya Ufaransa haukukomeshwa kabisa hadi mwaka 1848.

Pwani yetu nayo haikusalimika na biashara hiyo. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa ili apatiwe watumwa 1,000 kila mwaka, wa kupelekwa visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyotawaliwa na Ufaransa. Huko azimio la mwaka 1794 halikutekelezwa. Mabwana wa mashamba walilikataa.

Yule mama alikaa bila jina kwa zaidi ya miaka 200. Mwaka 2019, katika maonyesho ya Musée d'Orsay mjini Paris, picha yake ilitundikwa kwa jina lake: Madeleine, mtumishi wa nyumbani aliyetoka Guadeloupe.

Hivyo, ndugu msomaji, utakapoitazama picha ya kale pamoja na wanao, msiishie kuusifu mkono wa mchoraji. Ulizeni pia: huyu aliyechorwa ni nani, na baadaye yalimpata yapi?