Josh Gibson, Mdakaji Aliyefungiwa Mlango

Tarehe 29 Mei, 2024, wenye mamlaka ya mchezo wa besiboli huko Marekani walilifungua daftari lao kuu la hesabu, wakaliondoa jina la Ty Cobb mahali pa kwanza, na badala yake wakaandika jina la mtu ambaye hakuruhusiwa kucheza katika ligi zao hata siku moja. Mtu huyo ni Josh Gibson. Siku hiyo jina lake lilipoandikwa, alikuwa amekwisha lala kaburini miaka 77.

Ndugu wasomaji wengi hawajapata kuuona mchezo huu, kwa hiyo yafaa kwanza tuueleze kidogo, kwani bila kuelewa kazi aliyoifanya Gibson hatuwezi kuelewa alichonyimwa. Mrushaji husimama juu ya kichuguu kidogo katikati ya kiwanja, akaurusha kwa nguvu zake zote mpira mgumu uliofunikwa kwa ngozi. Mpigaji humngoja na gongo la mti, kiasi cha hatua 20 kutoka hapo. Akiupiga vema, hukimbia kuzunguka vituo vinne, na akirudi pale alipoanzia, timu yake hupata alama moja. Lakini akiupiga ukaruka juu ya ukuta wa kiwanja, hana haja tena ya kukimbia; huzunguka polepole kama mtu atembeaye shambani kwake, wala hapana wa kumzuia. Pigo hilo ndilo linalowatoa watu majumbani kwenda kulipa kiingilio. Sisi tutaliita pigo la ukuta.

Nyuma ya mpigaji huchutama mdakaji, na kazi yake ndiyo ngumu kuliko zote. Usoni ana barakoa ya chuma, kifuani na miguuni ana ngao, na katika mchezo mmoja tu huchutama na kuinuka zaidi ya mara mia. Yeye ndiye anayemwonyesha mrushaji kwa ishara za vidole ni mpira wa namna gani arushe. Mpinzani akijaribu kuiba kituo cha pili, ni juu ya mdakaji kuinuka na kuutupa mpira umbali wa karibu mita 39 kabla yule hajafika. Vidole vyake huvunjika, magoti huharibika mapema. Ndiyo sababu wenye timu hawamdai mdakaji awe pia bingwa wa kupiga. Wakimpata anayedaka vizuri hushukuru. Kumpata mdakaji mmoja ambaye pia awashinda wapigaji wote kwa nguvu ni kama kumpata fundi wa jahazi ambaye pia ni nahodha asiyeshindwa na bahari.

Gibson alizaliwa tarehe 21 Desemba, 1911, huko Buena Vista, katika jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, mahali ambapo mtu mweusi alilima ardhi ya mwingine na mwisho wa mwaka akabaki na deni. Baba yake, Mark Gibson, alifanya kama walivyofanya maelfu ya wenzake siku zile: alihama kwenda kaskazini kutafuta kazi ya mshahara, akaipata katika kiwanda cha chuma cha pua mjini Pittsburgh, kisha akaiita familia yake. Kijana Josh alisoma kidogo ufundi wa umeme, akaacha shule, akafanya kazi viwandani. Baadaye aliajiriwa na duka kubwa la Gimbels kuendesha lifti, akachezea timu yake. Kwa hiyo kabla hajaitwa bingwa alikuwa mfanyakazi wa kawaida, mwenye mwili uliojengwa na kazi. Alipokuwa mtu mzima urefu wake ulikuwa futi 6 na inchi 1, na uzito wake ulizidi ratili 200.

Mwaka 1930, hajatimiza hata miaka 19, alijiunga na Homestead Grays, timu mashuhuri ya Wamarekani Weusi. Ipo hadithi kwamba alikuwa ameketi tu miongoni mwa watazamaji, mdakaji wa Grays akaumia mkono, naye akaitwa ashuke kiwanjani avae ngao. Hadithi hiyo yasimuliwa kwa namna nyingi, na waliochunguza habari zake hawakubaliani nayo yote. Jambo lisilo na ubishi ni kwamba mwaka uleule, mwezi wa Agosti, mke wake Helen alifariki dunia akijifungua mapacha, mvulana na msichana. Watoto hao walilelewa na wazazi wa mama yao, naye baba akarudi barabarani na timu.

Twasema barabarani kwa sababu huko ndiko yalikokuwa maisha ya wachezaji weusi. Walisafiri kwa basi usiku kucha kutoka mji hadi mji, na mara nyingi walicheza michezo miwili kwa siku moja. Hoteli nyingi hazikuwapokea. Mikahawa mingi haikuwauzia chakula ila kwa mlango wa nyuma. Siku moja ikipita bila mchezo, siku hiyo hapana fedha. Mdakaji aliyechutama mchana wote hakupata hata kitanda cha kunyoosha magoti yake, ila kiti cha basi.

Basi, ni nani aliyeandika sheria ya kuwafungia nje? Hapa ndipo ubaguzi huu ulipojificha kwa werevu. Sheria haikuandikwa. Mwaka 1884 mtu mweusi aitwaye Moses Fleetwood Walker aliichezea timu ya Toledo katika ligi kuu. Naye alikuwa mdakaji kama Gibson, tena siku hizo wadakaji walidaka karibu mikono mitupu. Baada yake wenye timu walikubaliana kimyakimya kutomwajiri mtu mweusi, na mapatano hayo ya mdomo yakadumu zaidi ya miaka 60. Jaji Kenesaw Mountain Landis, aliyekuwa msimamizi mkuu wa mchezo huo tangu 1920 hadi alipofariki mwaka 1944, akiulizwa alijibu kwamba hapana kanuni yoyote inayowakataza. Ni kweli, haikuwapo. Mlango uliofungwa bila kufuli huchosha zaidi, maana ukisema umefungwa waambiwa kwamba hukuusukuma.

Watu weusi hawakukaa wakalia. Mwaka 1920 walianzisha ligi yao wenyewe chini ya Rube Foster, na nyingine zikafuata. Gibson alihamia Pittsburgh Crawfords mwaka 1932, na timu hiyo ikakusanya watu watano ambao baadaye wote waliingizwa katika nyumba ya heshima ya mchezo huo: yeye mwenyewe, Satchel Paige mrushaji, Cool Papa Bell aliyekimbia kama upepo, Oscar Charleston na Judy Johnson. Mwaka 1937 alirudi Grays, na timu hiyo ikatwaa ubingwa wa ligi yake miaka tisa mfululizo, 1937 hadi 1945, ingawa mwenyewe hakuwapo miaka yote tisa. Katika ligi yao hapakuwa na mpigaji aliyeogopwa kuliko yeye.

Nje ya nchi yake ndiko alikoonja maisha mengine. Mwaka uleule wa 1937 dikteta Trujillo wa Jamhuri ya Dominika alitaka timu ya jiji lililopewa jina lake ishinde kwa vyovyote, akawaita kwa fedha nyingi Paige, Bell na Gibson, nao wakaishindia. Mwaka 1941 Gibson aliichezea Veracruz huko Mexico, akapiga mapigo ya ukuta 33 katika msimu mmoja. Katika majira ya baridi yaliyofuata alicheza Puerto Rico, akapata wastani wa 0.480. Katika nchi hizo mchezaji mweusi aliingia mkahawani kwa mlango wa mbele, akala akalipa. Lakini Cum Posey, mwenye Grays, alimshitaki mahakamani kwa kuvunja mkataba, na Gibson akarudi mwaka 1942. Jambo hili halina budi kusemwa pia: wenye timu weusi nao walikuwa waajiri, na mkataba waliujua.

Watu walimwita Babe Ruth Mweusi. Nia ilikuwa sifa, lakini sisi hatuipendi sifa hiyo, maana humpima mtu kwa kivuli cha mwingine. Ruth katika ligi kuu alianza akiwa mrushaji, kisha akasimama mbali nyuma ya kiwanja. Hakuchutama nyuma ya mpigaji miaka 17 na kuvunjika vidole. Vilevile ziko hekaya. Moja husema kwamba Gibson aliupiga mpira Pittsburgh ukapotea mawinguni. Kesho yake, akicheza Philadelphia, mpira ukashuka kutoka mbinguni, mchezaji akaudaka, na mwamuzi akamwelekea Gibson akamwambia, umetolewa, jana, kule Pittsburgh. Hekaya hii yachekesha, na aliyeitunga alimpenda. Hata hivyo ina uchungu ndani yake. Mchezaji mweupe alipewa karani wa kumwandikia kila pigo, na hesabu zake zikachapwa kila asubuhi. Mchezaji mweusi alipewa hekaya. Hata bamba lake la shaba katika nyumba ya heshima huko Cooperstown, alikoingizwa mwaka 1972 pamoja na mwenzake wa Grays, Buck Leonard, lataja mapigo ya ukuta karibu 800, idadi inayochanganya michezo ya ligi na ile ya vijijini isiyoandikwa popote.

Kwa hiyo kazi iliyofanywa na watafiti waliopekua kurasa za magazeti ya zamani, hasa magazeti ya watu weusi kama Pittsburgh Courier, ni kazi ya haki. Mwezi Desemba, 1920 ikiwa imepita kwa miaka 100, yaani mwaka 2020, ligi saba za watu weusi zilizochezwa kati ya 1920 na 1948 zilikubaliwa kuwa ligi kuu. Mwaka 2024 hesabu zake zikaunganishwa na zile nyingine. Ndipo ikaonekana kwamba wastani wa Gibson ni 0.372, yaani mapigo mema 372 katika kila majaribio 1,000. Cobb alikuwa na 0.367. Katika kipimo cha nguvu ya mapigo Gibson ana 0.718, naye Ruth ana 0.690. Na katika msimu mmoja wa 1943 alipata wastani wa 0.466, ambao hakuna aliyepata kuufikia.

Wapo waliolalamika kwamba ligi zile zilicheza michezo michache kwa mwaka, pengine 60 au 80, ambapo wale weupe walicheza 154, na kwamba wastani wa michezo michache hupanda kwa urahisi. Hoja hiyo ni ya kweli, wala hatuidharau. Ila ajuaye kuhesabu michezo na ajiulize pia ni nani aliyeifanya iwe michache. Michezo mingi mingine ilichezwa katika miji midogo dhidi ya timu yoyote iliyopatikana, ili mishahara ilipwe, na hiyo haikuhesabiwa.

Mwaka huo wa 1943 wastahili kutazamwa mara ya pili. Mwezi wa Januari Gibson alianguka akapoteza fahamu, na inaelezwa kwamba madaktari waliona uvimbe katika ubongo wake. Yeye akakataa kupasuliwa. Maumivu ya kichwa hayakumwacha tangu hapo, pombe ikaongezeka, na zilikuwapo siku alizolazwa hospitali. Mtu wa hali hiyo ndiye aliyepata 0.466. Katika Washington, ambako Grays walikodi kiwanja cha Clark Griffith, mwenye timu ya weupe ya mji huo, Leonard alisimulia baadaye kwamba Griffith aliwaita yeye na Gibson ofisini, akawauliza kama wangependa kucheza katika ligi kuu. Wakajibu kwamba wangependa. Hawakuitwa tena. Kodi ya kiwanja iliendelea kupokewa.

Mwezi Oktoba, 1945, ikatangazwa kwamba Brooklyn Dodgers wamemchukua Jackie Robinson. Gibson alikuwa karibu kutimiza miaka 34, magoti yamechakaa. Tarehe 20 Januari, 1947, alifariki dunia mjini Pittsburgh kwa kiharusi, akiwa na umri wa miaka 35. Siku 85 baadaye, tarehe 15 Aprili, Robinson aliingia kiwanjani Brooklyn. Wako waandishi wanaopenda kusema kwamba Gibson aliuawa na huzuni ya kupitwa. Sisi hatuoni sababu ya kuongeza. Mtu huyu alikuwa mgonjwa tangu miaka minne, na bado alikwenda kazini.

Alizikwa katika makaburi ya Allegheny, na kaburi lake lilikaa bila alama hadi mwaka 1975, ndipo likawekewa jiwe. Mwaka 2020 jina la Jaji Landis liliondolewa katika tuzo ya mchezaji bora wa mwaka, na jamaa za Gibson pamoja na wengine wameomba tuzo hiyo ipewe jina lake. Kamati iliyozikusanya hesabu za ligi za watu weusi ilieleza mwaka 2024 kwamba zilizopatikana ni kama robo tatu tu ya zote. Robo iliyobaki ingali inatafutwa katika magazeti ya zamani, mchezo mmoja baada ya mwingine, na kila karatasi mpya ikipatikana namba za Gibson huweza kupanda au kushuka.