Choo cha kuketi: Pima sakafu na uhesabu maji kabla ya kulipa

WAKAZI wengi wa Thika na Ruiru wanaojenga au kukarabati nyumba huchagua choo cha kuketi kwa kutazama weupe na umbo lake dukani.

Ni baada ya fundi wa mabomba kukifunga ambapo hugundua kwamba ni kifupi mno kwa mzazi mwenye maumivu ya magoti, kwamba kinameza maji kupita kiasi, au kwamba tundu lake la kutolea uchafu halilingani na bomba lililo sakafuni.

Dosari hizo hazirekebishwi kwa urahisi. Choo kikishasimamishwa kwa saruji, kukibadilisha ni kuvunja vigae, kununua vingine na kumlipa fundi mara ya pili.

Kwa hivyo, ni busara kujiuliza maswali matatu kabla ya kutoa pesa: Ni nani atakayekitumia? Maji yatatoka wapi? Na majitaka yatakwenda wapi?

Kimo na nafasi

Starehe ya choo huanzia kwenye kimo chake. Vyoo vingi vya kawaida vina kimo cha karibu sentimita 40 kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa bakuli. Hicho kinawafaa watoto na watu wazima wasio warefu.

Hata hivyo, kwa mkongwe, mama mjamzito au mtu aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga, kuinuka kutoka kwenye kiti cha chini ni taabu. Watu hao hufaidika na choo chenye kimo cha sentimita 43 hadi 48 pamoja na kikalio, kipimo ambacho kanuni za Marekani huagiza kwa vyoo vya watu wenye ulemavu.

Njia rahisi ya kuamua ni kupima kiti ambacho nyanya au babu huinuka bila kushikwa mkono, kisha kutafuta choo kinachokaribia kimo hicho. Usione haya kuketi juu ya choo kilichowekwa dukani kwa maonyesho; hata viatu hujaribiwa kabla ya kununuliwa.

Iwapo nyumba ingali inajengwa, mwambie fundi atie chuma imara cha kushikilia ukutani. Nacho kijukwaa kidogo cha miguu kitawasaidia watoto.

Wapo pia wanaopendelea choo cha kuchutama, ambacho bado ni cha kawaida katika nyumba nyingi za kupangisha. Nyumba yenye vyoo viwili inaweza kuwa na kimoja cha kila aina, ili kila mtu apate kinachomfaa.

Kuhusu nafasi, acha angalau sentimita 38 kutoka katikati ya choo hadi ukuta wa kando, na takriban sentimita 55 mbele yake kabla ya mlango au sinki. Bakuli refu lenye umbo la yai huketiwa kwa starehe zaidi kuliko la mviringo, lakini huchukua nafasi ya sentimita tano hivi zaidi. Katika bafu dogo, sentimita hizo ndizo huamua iwapo mlango utafunguka vizuri.

Tundu na bomba

Vyoo vya kuketi hutoa uchafu kwa njia mbili. Vipo ambavyo tundu lake huelekea chini na kuingia sakafuni, na vingine ambavyo tundu lake huelekea nyuma na kutokea ukutani. Tazama nyumba yako ina bomba la aina gani kabla ya kwenda dukani.

Kama bomba limo sakafuni, pima kutoka kwenye ukuta uliokwisha kupigwa lipu na kuwekwa vigae hadi katikati ya tundu. Andika kipimo hicho karatasini na ukilinganishe na cha choo unachokitaka. Tofauti ya sentimita chache inaweza kukifanya choo kikose kuingia, au kiache pengo kubwa kati ya tangi na ukuta.

Mpindo ulio chini ya bakuli pia una kazi muhimu. Huhifadhi maji kidogo kila mara, na maji hayo huzuia harufu ya majitaka kupanda hadi chumbani. Mpindo wa aina hiyo ulisajiliwa kisheria mwaka wa 1775 na Alexander Cumming, mtengenezaji saa kutoka Scotland, na hadi leo ndio kinga yetu dhidi ya uvundo. Choo kisipotumiwa kwa majuma mengi, maji hayo hukauka. Mimina ndoo moja na harufu itakoma.

Hesabu ya maji

Miji hii miwili imekua kwa kasi. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 238,858 mjini Ruiru. Ile ya 2019 ilihesabu 490,120. Bwawa la Karimenu II, lililoko Gatundu Kaskazini na kukamilika mwaka wa 2022, lilijengwa ili kuongeza maji Ruiru na Juja. Hata hivyo, ipo mitaa ambako maji ya mfereji huja kwa zamu, na wakazi hutegemea visima, matangi na wachuuzi wa maji.

Hapo ndipo ukubwa wa tangi la choo unapokuwa jambo zito. Chukua mfano wa familia ya watu watano, kila mmoja akivuta maji mara tano kwa siku. Tangi la mtindo wa zamani la lita tisa litatumia lita 225 kila siku.

Tangi lenye vitufe viwili, kimoja cha lita tatu kwa haja ndogo na kingine cha lita sita kwa haja kubwa, litatumia lita 90 tu iwapo kila mtu atatumia kile kikubwa mara moja. Tofauti ni lita 135, karibu mitungi saba ya lita 20, kila siku ya Mungu.

Kwa maneno mengine, maji ya tangi la lita 1,000 ambayo yangeishia chooni kwa siku nne yatadumu siku 11.

Mtindo wa vitufe viwili si mgeni. Ulianza nchini Australia, taifa linalojua makali ya ukame, ambako kampuni ya Caroma iliutoa mwaka wa 1980.

Epuka vyoo visivyo na tangi ambavyo hutegemea nguvu ya maji ya bomba, kwani presha inaposhuka havifanyi kazi. Kadhalika, choo kinachosukuma uchafu kwa wepesi kupitia tundu pana huziba kwa nadra, na unaweza kukimwagia ndoo mfereji unapokauka. Vile vya kunyonya uchafu kupitia njia nyembamba huwa na kelele kidogo, lakini huhitaji maji mengi na huziba upesi.

Majitaka yaendako

Mabomba ya majitaka hayajafika kila mtaa. Nyumba nyingi hutumia tangi la majitaka lililochimbwa uani pamoja na shimo la kuyafyonza. Katika sehemu zenye udongo mweusi wa mfinyanzi, maji hupenya ardhini polepole sana, hivyo shimo hujaa haraka na mwenye nyumba hulazimika kuita lori la kunyonya majitaka.

Kila lita isiyomwagwa chooni ni lita isiyolijaza shimo hilo. Choo kinachotumia maji machache hukuokolea pesa mara mbili: unaponunua maji na unapoyaondoa.

Katika ploti ndogo zenye visima, shimo linalofurika pia huhatarisha maji ya kunywa ya nyumba hiyo na ya jirani. Hakuna choo, hata kiwe cha bei gani, kitakachohimili sodo, nepi na matambara.

Kabla ya kulipa

Uliza iwapo vipuri vya ndani ya tangi hupatikana katika maduka ya vifaa vya ujenzi mjini. Choo kinachoning'inia ukutani, ambacho tangi lake hufichwa ndani ya ukuta, hupendeza macho na hurahisisha kupiga deki, lakini fundi huhitaji nafasi ya kulifikia tangi hilo linapoharibika.

Choo kikishafungwa, tia matone ya rangi ya chakula ndani ya tangi na usivute maji kwa nusu saa. Rangi ikionekana bakulini, jua maji yanavuja kimyakimya usiku na mchana, na umwite fundi kabla hajasahau njia ya kwako. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.