Rangi Isiyobanduka Katika Vitu vya Alumini

Madukani Njoro na Nakuru huonekana madirisha, milango na vyombo vya alumini vyenye rangi ya dhahabu, ya shaba au nyeusi. Mnunuzi aweza kudhani kwamba rangi hizo zote zimepakwa juu. Baadhi yake zimepakwa kweli, lakini nyingine zimo ndani ya ngozi ya madini yenyewe. Asiyejua kuzitunza huweza kuziharibu kwa siku moja.

Alumini ikipata hewa hujifanyia utando mwembamba unaoizuia kuliwa. Mwaka 1923 wataalamu wa Uingereza walionyesha namna ya kuuongeza utando huo kwa umeme, ili vipande vya ndege zituazo majini visiharibiwe na chumvi ya bahari.

Kazi hiyo hufanywa kiwandani. Kwanza kitu husafishwa mafuta na uchafu wote. Kisha hutiwa katika tangi la maji yenye tindikali ya salfa, ile ile iliyomo katika betri za motokaa, na kuungwa na upande chanya wa umeme. Umeme ukipita, utando hukua na kuwa mgumu sana, ingawa ni mwembamba kuliko unywele. Una matundu madogo mno, yaliyopangika kama sega la nyuki. Kitu kikichovywa katika rangi, matundu huinywa. Mwisho hutiwa katika maji yanayokaribia kuchemka. Matundu hujifunga na rangi hubaki ndani. Ndiyo sababu haibanduki kama rangi ya brashi, na mng'ao wa madini huonekana chini yake.

Hata hivyo rangi si zote sawa. Njoro iko karibu na Ikweta, tena zaidi ya meta 2,000 juu ya bahari. Jua lake ni kali ijapokuwa hewa ni baridi. Rangi nyingi za kuchovywa hupauka juani. Kwa madirisha na milango yafaa ile ya shaba au nyeusi itiwayo kwa umeme na chumvi za madini ya bati. Chembe za bati hukaa chini kabisa ya matundu, nazo hustahimili jua. Ni vema mnunuzi amwulize muuzaji habari hiyo kabla ya kutoa fedha.

Adui wa utando huu ni majivu, magadi, chokaa na saruji mbichi, kwa kuwa huuyeyusha, na rangi huondoka pamoja nao. Basi chombo cha rangi kisisuguliwe kwa majivu kama sufuria ya kawaida, wala kisipikiwe chakula chenye magadi. Mwashi apigapo lipu avifunike viunzi vya madirisha. Saruji ikidondoka, ioshwe kabla haijakauka. Kwa usafi wa kila siku hutosha kitambaa laini, maji na sabuni kidogo.

Utando ukishaliwa, hakuna brashi iwezayo kuurudisha. Kitu hicho sharti kirudi kiwandani, kazi yote ianze upya.