Siku Makeshia wa Ogden Walipohesabu Polepole

Asubuhi moja ya kiangazi cha mwaka 1931, milango ikiwa bado imefungwa, Marriner Eccles aliwakusanya wafanyakazi wa benki yake katika mji wa Ogden, jimbo la Utah, Marekani, akawaeleza jinsi watakavyofanya kazi siku hiyo. Wateja watakuja kufunga akaunti zao za akiba, na kila atakayetaka chake atapewa. Ila atapewa polepole. Hata mteja unayemfahamu kwa sura, ambaye siku nyingine ungemlipa bila maswali, leo inuka ukaitafute kadi yake ya saini, uilinganishe, usiharakishe. Lipa kwa noti za dola 5 na dola 10. Noti kubwa zibaki ndani. Dirisha la nne la akiba lifunguliwe pamoja na yale matatu ya kawaida, na lisifungwe hata moja, kwa sababu dirisha likifungwa kidogo tu watu watasema fedha zimekwisha. Mikate italetwa, hakuna wa kutoka kwenda kula. Tabasamuni, zungumzeni habari za hali ya hewa.

Mimi nilikuwa keshia. Miaka yangu mingi ya kazi imeishia nyuma ya kaunta, katika tawi la benki la mji mdogo huku bara, kwa hiyo kisa cha Ogden nakisoma kama mtu aliyekaa upande wa ndani wa dirisha. Wanahistoria humsifu Eccles, na ni haki yake. Lakini siku ile si yeye aliyehesabu noti. Vijana wa idara ya akiba ndio walioipatia benki muda wa kupumua, na majina yao sijayaona katika maandishi yoyote niliyosoma.

Ogden ulikuwa mji wa reli. Treni za Union Pacific kutoka mashariki zilikutana hapo na za Southern Pacific ziendazo California, na pembeni ya mji walikuwapo wakulima wa bitiruti za kutengenezea sukari na wafugaji wa kondoo. Tangu mwaka 1929 bei za mazao zilikuwa zimeporomoka. Mfugaji aliyekopa wakati sufu ina bei nzuri aliamka akakuta kundi zima haliwezi kulipa deni lake. Ndipo Ogden State Bank, benki kubwa iliyokuwa ikishindana na ya Eccles mjini hapo, ikashindwa kufungua milango. Mtu aliyekuwa na kitabu cha akiba cha benki nyingine yoyote akajiuliza: na yangu, je?

Benki ya Eccles haikuwa imefilisika. Jambo hili huwachanganya wengi, nami nilichoka kulieleza dirishani. Ukileta shilingi zako benki, hatuziweki kwenye bahasha yenye jina lako. Sehemu ndogo hubaki kwenye hazina kwa ajili ya watakaokuja kuchukua leo na kesho. Nyingine hukopeshwa: huyu anajenga, yule ananunua trekta, na serikali nayo inakopa kupitia hati za dhamana. Fedha ipo, na ina mwenye kuilipa, lakini inarudi kwa wakati wake. Mbegu uliyokwisha kuipanda huwezi kuifukua ukaisaga unga wa leo jioni. Siku za kawaida hilo halimsumbui mtu, kwa kuwa anayetoa na anayeweka wanapishana mlangoni. Wakija wote kutoa siku moja, hakuna benki duniani, iwe njema kiasi gani, inayoweza kuwalipa wote kwa kutegemea fedha iliyomo ndani tu. Na anayejua hivyo ana sababu nzuri ya kuwahi foleni. Hapo ndipo ulipo ubaya wake: watu wenye akili timamu, kila mmoja akifanya linalomfaa, wanaiua benki iliyokuwa hai.

Sasa turudi kwenye mikono ya makeshia. Tuchukue mteja mwenye dola 500. Kwa noti za dola 100, hizo ni noti 5, unamhesabia, anaondoka. Kwa noti za dola 5, ni noti 100. Keshia mzoefu, sponji yake ikiwa na maji, anahesabu noti 100 kwa muda usiofika dakika moja. Lakini anahesabu mara ya kwanza kwa ajili yake, mara ya pili kwa ajili ya hesabu ya jioni, na mara ya tatu mbele ya mteja. Kabla ya hapo amekwenda kwenye kabati la kadi, ameitoa, ameirudisha. Mteja hawezi kulalamika, maana haya yote ni taratibu halali za benki, ambazo siku nyingine hurukwa kwa kuwa tunafahamiana. Zidisha kwa watu mia kadhaa na madirisha manne. Kufika saa tisa alasiri, saa ya kawaida ya kufunga, ukumbi ulikuwa bado umejaa.

Muda huo ulikuwa na kazi. Benki Kuu ya Marekani, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1913, ina tawi Salt Lake City, kiasi cha kilomita 60 kutoka Ogden, na gari la deraya lililobeba noti lilikuwa limeagizwa kutoka huko. Lilipofika, walinzi waliyapitisha magunia ya fedha katikati ya watu. Eccles akapanda juu ya kaunta, akainua mkono. Akawatangazia kwamba hawatafunga saa tisa, watabaki wazi mpaka mtu wa mwisho ahudumiwe. Mmekwisha kuona wenyewe fedha zilizoingia, aliwaambia, na zilikotoka zipo nyingine nyingi. Kisha akamwita Morgan Craft, ofisa wa Benki Kuu aliyekuja na gari lile, naye Craft akathibitisha mbele ya wote kwamba Salt Lake City fedha zipo tele.

Kwa nini Craft alihitajika? Mwenye benki alikuwa amekwisha kusema. Mimi jibu nililiona tawini kwetu, siku ya pensheni ambayo mtandao ulikatika tangu asubuhi. Wazee walijaa mpaka barazani. Uongozi ukatuamuru tunyamaze na tuteremshe mapazia ya madirisha, jambo lililozidisha minong'ono. Mpaka saa sita nje kulikuwa na habari kwamba benki imeishiwa. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, akasogea dirishani kwangu akagonga kioo.

"Mwanangu, sema kweli. Hela zetu zipo?"

"Zipo, baba. Mashine ndiyo haisomi."

Alinitazama kwa muda, akaomba aone. Nikafunua pazia, nikavuta droo, nikamwonyesha mabunda na kompyuta iliyogoma. Ilikuwa kinyume cha utaratibu. Akageuka akawaambia wenzake, na baraza likatulia. Sisi wa ndani tungetangaza mpaka jioni wasingetuamini, kwa kuwa tulikuwa na la kuficha hata kama hatukuficha kitu. Yeye alikuwa na pensheni yake humo kama wao. Craft naye hakuwa mtu wa benki ile.

Kesho yake Ogden, Eccles alifungua saa mbili asubuhi badala ya saa nne, ili wateja wasikute milango imefungwa na foleni imejipanga nje. Na makeshia wakapewa amri tofauti kabisa: leo lipeni haraka iwezekanavyo, mwenye akaunti kubwa apewe noti kubwa, atoke. Aliyeingia akiwa na wasiwasi alikuta ukumbi hauna msongamano na keshia yuko tayari kumpa chake papo hapo. Wengi hufikiri upya wanapoona hivyo. Benki ilipona, na katika miaka yote ile mibaya hakuna mteja wa benki hiyo wala nyingine za Eccles aliyepoteza senti.

Kuna jambo moja katika kisa hiki linalonikosesha raha, na sitaki kulipita. Eccles mwenyewe alikiri katika kitabu chake cha kumbukumbu cha mwaka 1951 kwamba maneno yake juu ya kaunta yalikuwa ya kweli, fedha nyingine zilikuwapo huko zilikotoka. Ila hakusema kwamba benki yake ingeweza kuzipata. Benki Kuu haikopeshi bure, inadai dhamana safi. Simlaumu. Aliijua benki yake kuwa nzima, na kunyamaza kwake kuliokoa akiba za watu. Lakini fikiria mama aliyesimama ukumbini akiwa na kitabu chake mkononi. Maneno yale yale, kwa sauti ile ile, yangeweza kusemwa na mwenye benki iliyooza. Mama huyo angetofautisha kwa lipi? Alitakiwa kuamua hatima ya akiba ya maisha yake kwa kumtazama mtu usoni.

Na benki nyingi hazikupona. Mwaka huo wa 1931 pekee zilianguka zaidi ya 2,000, na kati ya 1930 na 1933 jumla yake ilifika kama 9,000. Mwezi Desemba 1931, benki ya mji mdogo wa Tenino, jimbo la Washington, ilifungwa, na watu wakabaki bila fedha ya kununulia hata mkate. Jumuiya ya wafanyabiashara wa mji ikaanza kuwatolea hati za malipo kwa wale waliokubali kuikabidhi robo ya amana zao zilizokwama. Baadaye hati hizo zikachapishwa kwenye vipande vyembamba vya mbao. Maduka yalizipokea. Umaarufu wake ukawavuta wakusanyaji wa vitu adimu, wakazinunua, na nyingi hazikurudi kubadilishwa kamwe. Mji ule ulijitahidi kwa moyo wote, lakini pesa ya mbao haikuirudisha benki.

Eccles, aliyeshinda, ndiye aliyeanza kuona kasoro ya ushindi wake. Ili awe na fedha taslimu za kutosha, benki zake zilidai madeni kwa nguvu na kuuza hati za dhamana. Kila benki iliyotaka kusalimika ilifanya vivyo hivyo. Mkulima aliyebanwa aliuza kondoo wakati kila mtu anauza, bei ikashuka, jirani yake naye akashindwa kulipa. Busara ya benki moja ilikuwa ikiongeza umaskini wa mji uliokuwa tegemeo lake. Mtu huyu hakuwa na elimu ya juu, na alishika biashara za baba yake, mhamiaji kutoka Scotland, akiwa na umri wa miaka 22. Mwezi Februari 1933 alikwenda Washington, mji mkuu wa nchi, akawaambia maseneta kwamba serikali haina budi kutumia fedha wakati wananchi hawana. Kwa mwenye benki wa zama zile, hayo yalikuwa maneno mazito. Mwaka 1934 Rais Roosevelt alimteua kuongoza Benki Kuu, akakaa kwenye kiti hicho hadi 1948. Jengo kuu la Benki Kuu hiyo jijini Washington lina jina la Eccles.

Hofu yenyewe ilikomeshwa kwa hatua mbili. Machi 1933, siku chache baada ya kuapishwa, Roosevelt alifunga benki zote za nchi zikaguliwe, na Jumapili ya tarehe 12 akazungumza redioni, akieleza kwa lugha ya nyumbani yale yale niliyokuwa nikieleza dirishani: kwamba fedha unayoweka benki haikai ndani ya sefu. Benki zilizoonekana nzima zilianza kufunguliwa kesho yake, na watu wakapanga foleni kurudisha noti walizoficha. Hatua ya pili Roosevelt mwenyewe hakuipenda mwanzoni. Mbunge Henry Steagall wa Alabama ndiye aliyeishikilia. Ilikuwa bima ya amana. Kuanzia tarehe 1 Januari 1934, benki yenye bima ikianguka, mteja alilipwa hadi dola 2,500, na katikati ya mwaka kiwango kikapanda hadi dola 5,000. Mwezi Mei benki ya East Peoria, Illinois, ilianguka, na Julai mjane mmoja akawa wa kwanza kulipwa: dola 1,250, zote alizokuwa ameweka humo. Mwaka huo wote zilianguka benki 9 tu zenye bima.

Ndugu wasomaji, bima ya aina hiyo tunayo. Nchini Tanzania ni kazi ya Bodi ya Bima ya Amana, na Kenya wana shirika lao. Kwa miaka mingi dirishani, ni wateja wachache mno walioniuliza habari zake, nasi hatukuwa tukiwaeleza bila kuulizwa; naona tuliwanyima haki yao. Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilizifunga benki tano kwa mpigo, zikiwamo za wananchi za Njombe na Meru pamoja na ya ushirika ya wakulima Kagera. Wakati huo kinga ilikuwa shilingi milioni 1.5 kwa mteja. Mwenye chini ya hapo alikuwa na haki ya kulipwa yote. Mwenye zaidi, labda fedha za kikundi au za kumalizia nyumba, alikuwa na haki ya kulipwa kiasi hicho tu, na kwa kilichozidi alipaswa kusubiri mali za benki ziuzwe ndipo aone kitakachobaki. Tangu 2023 kinga ni shilingi milioni 7.5, na Kenya ni shilingi 500,000 za huko. Mhazini wa kikundi anayeweka michango ya watu wengi katika akaunti moja aende dirishani aulize: benki ikianguka, bima itamhesabu kila mwanachama peke yake, au sisi sote kama mteja mmoja? Asikubali kuondoka kabla ya kupewa jibu kwa maandishi.