Uchaguzi wa Chipu ya Kukuza Sauti Uanze na Betri

Wanafunzi wa ufundi na wabunifu wanaounda redio ndogo, kengele za tahadhari na spika za kubebeka hukabiliwa mapema na swali moja: ni chipu ipi ya kukuza sauti inayofaa kifaa kinachotumia betri? Aghalabu jibu hutafutwa katika idadi ya wati. Hata hivyo, kifaa chenye sauti kubwa kinachozimika kabla ya wakati hakijatimiza kusudi lake. Jambo la kwanza kuangaliwa ni betri yenyewe.

Volti za betri hushuka kadiri inavyotumika. Seli moja ya lithiamu huwa na volti 4.2 inapojaa, na hushuka hadi takriban volti 3 inapokaribia kuisha. Betri kavu mbili huanza na volti 3 na huweza kufika chini ya 2. Chipu haina budi kumudu mabadiliko hayo yote.

Chipu ya LM386, inayofahamika sana katika mafunzo ya elektroniki, huhitaji angalau volti 4. Kwa hiyo haifai kwa seli moja ya lithiamu, bali hufanya kazi vizuri kwa betri kavu nne au betri ya volti 9. TDA2822M hufanya kazi hata kwa volti 1.8, hivyo huafikiana na betri kavu mbili. PAM8403 hutumia volti 2.5 hadi 5.5, inalingana na seli ya lithiamu, lakini betri ya volti 9 itaiharibu.

Jambo la pili ni matumizi ya umeme. LM386 na TDA2822M hupoteza sehemu kubwa ya umeme kwa njia ya joto. PAM8403 huwasha na kuzima mkondo kwa kasi kubwa, na ufanisi wake hukaribia asilimia 90. Kwa spika inayopiga muziki kwa saa nyingi, tofauti hiyo ni kubwa.

Hali hubadilika kifaa kinapokaa kimya. Bila kutoa sauti yoyote, LM386 hutumia miliampea 4 hivi, ilhali PAM8403 hutumia takriban 10 kwa volti 3.6. Kwa kiwango hicho, seli ya miliampea-saa 2,000 huisha kwa siku nane hivi kabla kengele haijalia hata mara moja. Suluhisho ni kutumia mguu wa kuzima uliomo katika chipu hiyo, ambao hupunguza matumizi hadi chini ya maikroampea 1.

Uunganishaji nao unahitaji uangalifu. Katika PAM8403, nyaya zote mbili za spika hubeba mawimbi ya sauti, hivyo hakuna hata mmoja unaopaswa kuunganishwa na upande hasi wa betri. Kapasita nayo huwekwa karibu kabisa na miguu inayopokea umeme, ili kupunguza mivumo isiyotakiwa.

Wabunifu wanashauriwa pia kuchagua spika kwa makini. Spika iliyozidi nyingine kwa desibeli 3 za usikivu hutoa sauti ileile kwa nusu ya wati. Hivyo, kabla ya kununua chipu yenye nguvu zaidi, ni vyema kulinganisha spika kwanza, kwa kuwa sauti inayopatikana kwa njia hiyo haiigharimu betri chochote.