Kivutio Kinapofungwa: Namna ya Kusoma Matangazo Kabla ya Kuzuru Bustani za Burudani za Florida

Na Mwandishi Wetu

Katika jimbo la Florida nchini Marekani upo mji mdogo uitwao Harambe. Una vichochoro, kuta zilizobambuka chokaa, duka lililopewa jina la Mombasa, na vibao vya Kiswahili juu ya milango. Hauna mkazi hata mmoja. Ni mji wa kubuni uliojengwa na kampuni ya Disney ndani ya bustani yake ya Animal Kingdom, iliyofunguliwa tarehe 22 Aprili 1998, na wabunifu wake waliichukua Lamu kuwa kielelezo. Jina lenyewe ni karibu sawa na neno lililoandikwa katika nembo ya taifa ya Kenya, ila limepungukiwa na herufi moja mwishoni, na aliyelelewa kwa Kiswahili huliona pengo hilo mara tu anapoingia.

Kwa Mswahili anayeishi Amerika Kaskazini, au mzazi anayekwenda kumtembelea mwanawe huko, Harambe ni mahali pa kupiga picha na kucheka kidogo. Mji huo ungali wazi. Lakini upande wa pili wa bustani hiyohiyo, eneo zima limo katika ujenzi, na hali kama hiyo imezifikia pia bustani jirani. Makala hii inaeleza kilichofungwa, kwa nini kimefungwa, na namna mgeni anavyoweza kuyasoma matangazo ya kufungwa kabla hajalipa fedha ambazo hatarudishiwa.

Eneo linalozungumziwa ni DinoLand U.S.A., lililojengwa kwa dhamira ya madubwana ya kale yaitwayo dainosari. Halikufungwa siku moja. Bembea ya watoto ya TriceraTop Spin ilifanya kazi kwa mara ya mwisho tarehe 12 Januari 2025. Uwanja wa kuchezea wa The Boneyard, ambamo watoto walichimba mifupa ya bandia mchangani, ulifuata mwanzoni mwa Septemba mwaka huohuo. Mchezo mkuu, DINOSAUR, uliokuwapo tangu bustani ilipofunguliwa, ulipangiwa tarehe 1 Februari 2026 kuwa siku yake ya mwisho. Mahali pao panajengwa eneo la nchi za joto za Amerika, litakalokuwa na mchezo wa Indiana Jones na mwingine wa filamu ya Encanto. Kampuni imetaja mwaka 2027 kuwa wa kufunguliwa.

Katika bustani ya Magic Kingdom, iliyo kongwe kuliko zote za Disney jimboni humo, mto wa kuchimbwa uitwao Rivers of America ulifungwa kabisa baada ya tarehe 6 Julai 2025, pamoja na meli yake ya magurudumu na kisiwa cha Tom Sawyer. Meli zilikuwa zikielea katika mto huo tangu 1971. Pale patajengwa eneo la filamu ya Cars. Treni ya mteremko ya Big Thunder Mountain nayo ilisimama Januari 2025, lakini kwa ukarabati, ikatangazwa kurejea 2026. Katika Hollywood Studios, ukumbi wa Muppet*Vision 3D ulipokea watazamaji wake wa mwisho tarehe 7 Juni 2025.

Ujenzi mwingi kiasi hiki kwa wakati mmoja una sababu zake. Septemba 2023 Disney ilitangaza kwamba ingetumia takriban dola bilioni 60 katika bustani na meli zake za utalii kwa muda wa miaka kumi. Jambo la pili ni la kiserikali. Tangu 1967 eneo la Disney lilikuwa na mamlaka yake maalumu chini ya sheria ya Florida, iliyoitwa Reedy Creek, yenye uwezo wa kutoa vibali vya ujenzi, kujenga barabara na kusimamia mifereji. Februari 2023, baada ya mvutano wa kisiasa kati ya kampuni na uongozi wa jimbo, mamlaka hiyo ilibadilishwa jina na muundo, na wajumbe wa bodi yake wakawa wa kuteuliwa na gavana. Kesi zilifuata. Pande hizo zilipatana Machi 2024, na Juni mwaka huo zikatia saini mkataba wa maendeleo unaoiruhusu Disney kuwekeza hadi dola bilioni 17 jimboni katika kipindi cha miaka kumi hadi ishirini. Miezi miwili baadaye, Agosti 2024, miradi mikubwa ilitangazwa hadharani kwa mfululizo. Uzio anaoukuta mgeni leo una historia hiyo nyuma yake.

Hapa ndipo lugha ya matangazo inapohitaji kusomwa kwa makini, kwa kuwa maneno matatu yanayofanana yana maana tatu tofauti. La kwanza ni kusimama kwa muda: mchezo umepata hitilafu, au radi imeonekana karibu, na huenda ukarudi baada ya dakika kumi au saa tatu. Florida ina mvua za radi za alasiri katika miezi ya kiangazi chao, na michezo ya nje husimamishwa kila zinapokaribia. La pili ni ukarabati. Mchezo umefungwa kwa wiki au miezi, unarekebishwa, na utarudi ukiwa uleule au umebadilishwa kidogo. La tatu ni kufungwa kabisa. Tangazo la aina hii ndilo linaloambatana na picha nzuri za michoro ya kile kitakachokuja, na kwa sababu hiyo ndilo linalopotosha zaidi: msomaji huona picha akadhani kitu kipo.

Mfano wa Tron utasaidia. Treni hiyo ya mteremko ya Magic Kingdom ilitangazwa Julai 2017, ikielezwa kwamba ingekuwa tayari kwa maadhimisho ya miaka 50 ya bustani Oktoba 2021. Ilifunguliwa rasmi tarehe 4 Aprili 2023. Katikati palikuwa na janga la UVIKO-19, hivyo si haki kuwalaumu wajenzi kwa kila mwezi uliopotea. Lakini familia iliyopanga safari yake kwa tarehe ya tangazo ilifika ikakuta vyuma na kreni. Kwa upande mwingine, Splash Mountain ilifungwa Januari 2023 na mchezo uliochukua nafasi yake, Tiana's Bayou Adventure, ukafunguliwa tarehe 28 Juni 2024, yaani baada ya miezi 17, na hapo mfereji na jengo vilikuwapo tayari. Anayesoma kwamba eneo jipya litafunguliwa "2027" bila mwezi wala siku, aelewe kuwa ahadi hiyo haijawa ya kukatia tiketi ya ndege.

Wapo wafuatiliaji wanaosoma pia nyaraka za umma. Sheria ya Florida inamtaka mwenye mali asajili taarifa ya kuanza kazi katika ofisi ya karani wa kaunti kabla ya ujenzi, na taarifa hizo zinaweza kusomwa na yeyote. Ni chanzo kizuri cha kujua kwamba kazi fulani inaanza na mkandarasi ni nani. Si chanzo cha tarehe ya kufunguliwa. Isipotajwa vinginevyo, taarifa hiyo hukoma baada ya mwaka mmoja, na mwaka huo ni muda wa kisheria tu. Mara nyingi watu wameutafsiri kuwa ni muda wa ujenzi, kisha wakashangaa.

Suala linalogusa mfuko wa mgeni ni foleni. Tuchukue hesabu ya kukisia. Bustani ina michezo minane, kila mmoja ukibeba watu 1,500 kwa saa. Uwezo wake ni watu 12,000. Miwili ikifungwa, uwezo unashuka hadi 9,000, lakini idadi ya walioingia getini haishuki kwa kiwango hicho. Watu 3,000 waliokosa pa kwenda hawarudi hotelini. Wanahamia kwenye foleni zilizobaki, migahawani na kwenye vivuli. Ndiyo maana kufungwa kwa mchezo ambao hukukusudia kuupanda kunaongeza muda wako wa kusubiri mchezo unaoutaka.

Animal Kingdom inaumia zaidi kwa hesabu hii kwa sababu, licha ya ukubwa wake wa takriban hekta 230, ina michezo michache. DINOSAUR ikiwa imeondoka, inayobaki mikubwa ni safari ya magari ya Kilimanjaro Safaris, treni ya Expedition Everest, mashua za Kali River Rapids na michezo miwili ya eneo la Pandora. Kisha kuna jambo ambalo matangazo hayalisemi waziwazi. Expedition Everest na Avatar Flight of Passage zinamtaka mtoto awe na urefu wa sentimeta 112. Kali River Rapids, sentimeta 97. Vilivyofungwa vya mwanzo DinoLand, bembea na uwanja wa mchanga, havikuwa na sharti hilo. Kwa maneno mengine, mzigo wa ujenzi huu umewaangukia watoto wadogo kuliko vijana. Mzazi mwenye mtoto wa miaka mitatu anabakiwa na safari ya wanyama, mashua tulivu ya Na'vi River Journey, treni ndogo inayotoka Harambe, maonyesho ya jukwaani na wanyama wenyewe. Si kidogo, lakini ni vema ajue kabla, na ampime mtoto nyumbani akiwa amevaa viatu atakavyosafiri navyo. Mtoto aliyekataliwa mwishoni mwa foleni ya saa moja na nusu hafarijiki kwa maelezo.

Bei haishuki kwa sababu ya ujenzi. Tiketi za bustani hizi hupangwa kwa tarehe; ya siku moja Animal Kingdom ilianzia dola 119 kwa mtu mzima mwaka 2025, kabla ya kodi, na siku za sikukuu hupanda sana. Mtoto wa miaka kumi huhesabiwa mtu mzima, na aliye chini ya miaka mitatu haingii katika hesabu. Masharti ya tiketi yanasema bayana kuwa vivutio vinaweza kubadilishwa au kufungwa bila taarifa, na kwamba fedha hazirudishwi. Thamani ya tiketi isiyotumika kabisa yaweza kuhesabiwa katika ununuzi mwingine. Anayetoka Afrika Mashariki ana gharama nyingine iliyotangulia: ada ya maombi ya viza ya matembezi, dola 185 tangu Juni 2023, ambayo nayo hairudi hata maombi yakikataliwa. Masharti ya viza yamekuwa yakibadilika kwa nchi mbalimbali za ukanda wetu, hivyo chanzo cha kutegemea ni ubalozi wa Marekani ulio katika nchi ya mwombaji, na si wakala anayeuza safari kwa picha za mtandaoni.

Ipo huduma ya malipo ya ziada, Lightning Lane, inayompunguzia mgeni kusubiri. Wakati wa ujenzi huduma hiyo huvutia zaidi, kwa kuwa foleni za kawaida ni ndefu. Lakini inauza nafasi katika michezo iliyobaki tu. Mchezo ukiharibika ndani ya saa uliyopewa, nafasi yako hugeuzwa kuwa ya kutumika kwenye mchezo mwingine kati ya iliyoorodheshwa. Wengi hawalijui hili, wakaondoka wakiamini wamepoteza.

Swali moja huulizwa na wazazi: je, mchezo uliofungwa mara kwa mara ni hatari? Florida inasimamia michezo ya burudani kupitia idara yake ya kilimo na huduma za walaji. Hata hivyo, sheria inazisamehe bustani kubwa, zenye wafanyakazi zaidi ya 1,000 na wakaguzi wake wa kudumu, ukaguzi wa serikali. Zenyewe hujikagua, na huitaarifu idara kila robo mwaka kuhusu majeraha makubwa ya wageni. Mtu ana haki ya kuutilia shaka mpangilio huo. Lakini kusimamishwa kwa mchezo si ushahidi wa uzembe. Mitambo hii ina vihisi vingi, na kimoja kikitoa ishara isiyo ya kawaida, mfumo husimama wenyewe hadi fundi athibitishe. Wakazi wa Nairobi walioikuta Uhuru Park imezungushiwa uzio mwaka 2021 wanajua namna kufungwa kunavyoudhi. Ukarabati ambao haukufanywa hauonekani, na hivyo haumuudhi mtu hadi siku yake ifike.

Kwa anayekwenda bado, kalenda rasmi ya bustani huorodhesha michezo iliyo katika ukarabati kwa tarehe husika, na inafaa kusomwa mara mbili: kabla ya kulipa, na jioni ya kuamkia ziara. Kilimanjaro Safaris ipandwe asubuhi mapema, wanyama wakiwa bado wanatembea. Eneo lake lina takriban hekta 45 na hutegemea mwanga wa mchana, kwa hiyo katika miezi ya baridi hufungwa mapema.

Na kwa familia itakayopiga hesabu ikaona siku hiyo haina thamani ya bei yake, kuna hoteli ya Animal Kingdom Lodge, nje ya geti la bustani. Jengo lake moja linaitwa Jambo House na jingine Kidani Village. Migahawa yake ni Boma, Jiko na Sanaa. Mtu asiye na tiketi ya bustani anaweza kuweka nafasi ya chakula Sanaa, akakaa kando ya madirisha, na kuwatazama twiga na pundamilia wakila majani mbele ya meza yake.