NAKSHI KWENYE BANGILI: MOTO KWANZA, NYUNDO BAADAYE



Kwa miaka mingi lami iliishia hapa Isiolo. Gari la kwenda Marsabit likisimama kizuizini, wauzaji walilizunguka na mikono imejaa bangili za shaba nyekundu, shaba ya manjano na alumini, zimesokotwa pamoja kama kamba.

Wengi mmetuuliza namna ya kuanza kazi hii. Tuseme ukweli, sisi wenyewe tulianza vibaya. Tulikaa na kikundi kimoja cha akina mama tukagonga shaba ikiwa baridi, kutwa nzima. Jioni nusu ya bangili zilikuwa na nyufa, na ile shaba ilinunuliwa kwa michango yao. Mzee mmoja fundi akatuangalia, akasema: "Akina mama, hiyo shaba imechoka. Ipumzisheni motoni."

Alisema kweli. Shaba ukiigonga inakuwa ngumu, ukizidi inapasuka. Moto ndio unaoirudishia ulaini. Basi fuateni hivi:

1. Kulainisha. Weka shaba kwenye makaa, mahali penye kivuli ili uone rangi yake. Ikianza kuwa nyekundu kwa mbali, itoe kwa koleo. Shaba nyekundu unaweza kuitia majini. Ya manjano iache ipoe polepole, isije ikapasuka. Alumini haikuonyeshi wekundu huo. Ikifika digrii 660 inayeyuka tu. Kwa hiyo ipake sabuni ya kufulia. Sabuni ikigeuka nyeusi, itoe haraka.

2. Kutia nakshi. Fanya hivi bangili ikiwa bado imenyooka, juu ya chuma kizito kama kipande cha reli. Nyundo ya kichwa cha mviringo huacha vishimo, patasi butu huacha mistari, na msumari huacha nukta. Jaribu kwanza kwenye kipande kibovu. Ukiona nyundo inaanza kuruka, acha! Rudisha motoni.

3. Kumalizia. Kunja kwenye bomba kwa nyundo ya mti, ili nakshi isibondeke. Piga tupa ncha zisimkwaruze mtu. Sugua kwa jivu na ndimu: juu patang'aa, weusi utabaki ndani ya mistari, na hapo nakshi itaonekana.

Jambo lingine ni shaba yenyewe. Msinunue nyaya msizojua zilikotoka. Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa kwa sababu ya wizi wa nyaya na vyuma vya umeme. Sheria ya mwaka 2015 inamtaka muuzaji awe na leseni, kwa hiyo ombeni risiti. Waya wenye plastiki msiuchome, moshi wake ni sumu. Umenyeni kwa kisu.

Mwisho, mtafuteni fundi wa karibu, mmlipe siku yake moja. Ujuzi wake ndio shamba lake. Sisi tungemlipa yule mzee asubuhi, tusingelipia nyufa jioni.